Kuchungulia Tovuti Bila Kuchunguliwa

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa Tanzania Bara. Kenya nako, EPRA hutoa bei zake tarehe 14, zikaanza kutumika tarehe 15. Habari za namna hii hazihitaji mtambo wowote. Dereva wa bodaboda anaijua siku, anafungua simu, anaona bei, anaendelea na shughuli zake.

Tabu iko kwenye kurasa zisizo na kalenda. Tangazo la zabuni linapandishwa Ijumaa jioni, ofisi zikiwa zinafungwa, na siku za kutuma maombi zinaanza kuhesabika hapo hapo. Orodha ya walioitwa kwenye usaili inatoka wakati mwombaji ameshakata tamaa ya kufungua ukurasa ule. Masharti ya mkopo wa simu yanabadilika aya moja tu, katikati ya maandishi marefu ambayo hakuna aliyeyasoma tangu mwanzo. Wengi wetu tuna njia mbili za kukabiliana na kurasa hizi: kuzifungua na kuzifungua tena, au kungoja kundi la WhatsApp limwage picha ya tangazo, ambayo mara nyingine huwa imechelewa na mara nyingine ni ya mwaka jana.

Njia ya tatu ipo tangu intaneti ikiwa changa. Mwaka 1996 watafiti wawili wa AT&T, Fred Douglis na Thomas Ball, walieleza mfumo waliouunda wa kufuatilia kurasa za tovuti na kumwonyesha msomaji palipoongezwa na palipofutwa. Wazo halijabadilika tangu hapo. Programu ndogo inafungua ukurasa kwa niaba yako, inaulinganisha na nakala iliyohifadhiwa mara ya mwisho, na kama kuna tofauti inakujulisha. Mtu anayejua kuandika msimbo kidogo anaimaliza mchana mmoja. Wanaoanza huogopa sehemu ya kuchota ukurasa, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Kazi yenyewe iko kwenye maamuzi mawili ambayo programu haiwezi kukufanyia: badiliko lipi ni habari na lipi ni takataka, na nani mwingine ajue kwamba unautazama ukurasa huo.

Nianze na hilo la pili, kwa sababu ndilo linalosahaulika. Zipo huduma za kibiashara zinazofanya kazi hii vizuri, Visualping na Distill zikiwa miongoni mwa zinazojulikana. Unajisajili kwa barua pepe, unabandika anwani za kurasa, unachagua zikaguliwe kila baada ya muda gani, basi. Kwa kurasa mbili tatu hulipi kitu. Unacholipa ni ile orodha yenyewe. Hebu itazame orodha ya mtu mmoja wa kubuni: ukurasa wa ajira wa kampuni mbili zinazoshindana na mwajiri wake, ukurasa wa viza wa ubalozi fulani, bei za kliniki ya uzazi, na ratiba ya kesi za mahakama ya mji wake. Hajaandika neno lolote kuhusu maisha yake, na bado ukimpa mtu mwenye akili timamu orodha hiyo atakueleza nusu ya maisha yake. Kwa mfanyabiashara ni vivyo hivyo. Zabuni anazozitazama ndizo mipango yake ya mwaka ujao, na mshindani angezinunua kwa bei nzuri.

Simsingizii yeyote kwamba anaziuza. Nasema tu kwamba orodha ya mambo unayoyasubiri ni siri nzito kuliko orodha ya mambo uliyokwisha kuyasoma, maana inaonyesha nia. Kitu kama hicho hakina sababu ya kukaa kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, ilhali kazi inayohitajika ingefanywa na kompyuta mpakato kuukuu iliyoko chini ya kitanda.

Kabla ya kuandika mstari hata mmoja wa msimbo, chunguza kama mwenye tovuti hajakufanyia kazi. Mlisho wa RSS ulibuniwa Netscape mwaka 1999 kwa ajili ya jambo hili hili: tovuti inachapisha faili dogo linaloorodhesha habari zake mpya, na programu ya msomaji inalipitia kila baada ya muda. Google ilipoifunga Google Reader mwezi Julai 2013, wengi walidhani RSS imezikwa. Haikuzikwa. Tovuti zilizojengwa kwa WordPress hutoa mlisho zenyewe, mara nyingi mwenye tovuti asijue, na unaupata kwa kuongeza neno "feed" mwishoni mwa anwani. Ukiupata, kazi imekwisha: weka programu ya kusoma milisho kwenye kompyuta yako, si huduma ya mtandaoni, nawe utaletewa kila tangazo jipya bila kulinganisha chochote. Ila mlisho hukueleza kilichoongezwa kwenye orodha ya habari. Aya iliyobadilishwa kimya kimya ndani ya ukurasa wa masharti haimo humo.

Hapo ndipo zana ya nyumbani inapohitajika, na mifupa yake ni ya zamani. Kuchota ukurasa ni kazi ya curl, programu ya Msweden Daniel Stenberg inayotumika kwa jina hilo tangu 1998 na ambayo leo imo ndani ya magari, runinga na simu. Kulinganisha ni kazi ya diff, iliyozaliwa Bell Labs miaka ya sabini mikononi mwa Douglas McIlroy. Njia yake ya kukokotoa ilielezwa naye pamoja na James Hunt mwaka 1976. Kuamsha kila kitu kwa saa maalumu ni kazi ya cron, ambayo nayo ni ya Unix ya miaka hiyo hiyo. Zana tatu, zote za bure, zote zimo tayari kwenye kompyuta nyingi za Linux. Mistari kumi ya skripti inaziunganisha.

Diff inastahili kuelezwa kidogo, kwani tabia yake ndiyo inayoamua ubora wa zana nzima. Inapopewa matoleo mawili ya maandishi, inatafuta mfuatano mrefu kuliko yote wa mistari iliyomo katika matoleo yote mawili kwa mpangilio ule ule. Mistari hiyo inaiacha. Iliyobaki upande wa zamani inaihesabu imefutwa, na iliyobaki upande mpya inaihesabu imeongezwa. Kipimo chake, basi, ni mstari. Tovuti nyingi za siku hizi hubana msimbo wake ukawa mstari mmoja mrefu ili upakuliwe haraka. Diff ikipewa ukurasa wa aina hiyo, herufi moja ikibadilika, itakuambia ukurasa mzima umefutwa na mwingine umeandikwa. Ndiyo maana ukurasa haulinganishwi mbichi. Kwanza unavuliwa msimbo, yabaki maneno, kila aya na kila kipengele cha orodha kwenye mstari wake.

Wapo wanaopenda njia ya mkato. Badala ya kuhifadhi maandishi wanahifadhi hashi yake, tarakimu zinazokokotolewa kutokana na faili zima, kisha wanalinganisha hashi ya leo na ya jana. Ni haraka na haichukui nafasi, lakini inakuambia kitu kimeguswa bila kukuambia nini. Utafungua ukurasa, utaukodolea macho, na hutakiona. Maandishi ya ukurasa ni kilobaiti chache tu, yahifadhi yote. Ukiyaweka kwenye Git, mfumo alioutengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, unapata historia nzima ya ukurasa bila jasho: ulisemaje Januari, ukasemaje Machi. Simon Willison, mtaalamu wa programu wa Uingereza aishiye California, aliieneza mbinu hii mwaka 2020 kwa kufuatilia taarifa za moto wa nyika. Yeye alifanya hadharani, kwenye seva za GitHub, kwani alitaka wengine waone. Git yenyewe haihitaji GitHub. Inakaa kwenye folda yako na hakuna anayejua.

Sasa lile la kwanza: lipi ni badiliko? Chukulia ukurasa wa matangazo wa halmashauri fulani. Juu kabisa kuna tarehe ya leo. Chini yake picha za mkurugenzi akikagua mradi, zinazobadilishana zamu. Katikati kuna orodha ya matangazo, ambayo ndiyo tunayoitaka. Pembeni kuna viungo vya tovuti nyingine za serikali. Chini kabisa kuna kihesabio cha wageni: leo wangapi, jana wangapi, mwezi huu wangapi. Ndani ya msimbo, pasipoonekana, fomu ya maoni ina tarakimu za usalama zinazotengenezwa upya kila ukurasa unapofunguliwa. Ukiukagua ukurasa huu kila saa bila kuusafisha, kila saa utaambiwa umebadilika, na itakuwa kweli. Ziara yako mwenyewe imekibadilisha kihesabio.

Mtu akipata arifa za bure kwa siku tatu, ya nne hasomi. Zana haijaharibika, aliyechoka ni mtu, na matokeo ni yale yale.

Dawa ya kwanza ni kutazama kisanduku badala ya ukurasa. Kila sehemu ya ukurasa ina anwani yake ndani ya msimbo; bofya orodha ya matangazo kwa kitufe cha kulia kwenye kivinjari, chagua kukagua, utaona jina la kisanduku kinachoibeba. Iambie programu ichukue hicho tu. Nusu ya kelele inakwisha hapo hapo. Dawa ya pili ni kufuta vitu vinavyojulikana kubadilika bure: nafasi zilizozidi kati ya maneno, maneno kama "imewekwa saa 3 zilizopita", herufi za ziada mwishoni mwa viungo. Dawa ya tatu ni kuuliza swali lililo finyu zaidi. Kwa matangazo, jali kilichoongezwa tu, maana tangazo kuukuu kuondolewa si habari. Kwa bei, chomoa namba yenyewe na uarifiwe ikivuka kiwango ulichokiweka. Kwa masharti ya mkataba, jali kila kitu, hata koma.

Ni suala la tundu la wavu, na mkono huelekea kulipanua kupita kiasi. Nimeona skripti ambazo, ili kukinyamazisha kihesabio cha wageni, zinafuta tarakimu zote kwenye ukurasa. Kihesabio kinanyamaza kweli. Sasa fikiria halmashauri ile imesogeza mwisho wa kupokea zabuni kutoka tarehe 14 hadi tarehe 21. Kichwa cha tangazo ni kile kile, maneno ni yale yale, kilichobadilika ni tarakimu mbili. Badiliko ambalo pengine ndilo lenye fedha kuliko yote mwaka huo limechujwa pamoja na takataka. Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni kukata kwa mahali, si kwa aina: ondoa kihesabio kwa sababu kiko chini ya ukurasa ndani ya kisanduku fulani, usikiondoe kwa sababu ni namba.

Faili za PDF ni balaa la peke yake. Ofisi za umma za kwetu zinazipenda, kwani barua yenye muhuri na saini inapigwa skani na kupandishwa ilivyo. Ukurasa unabaki na kiungo kile kile, jina la faili ni lile lile, lakini faili limebadilishwa usiku. Zana inayosoma maandishi ya ukurasa peke yake haitaona kitu. Inabidi ifuate kiungo, ilichote faili na kulikagua. Kama PDF ina maandishi halisi, programu ya pdftotext itayatoa na diff itafanya kazi yake. Kama ni picha ya karatasi, huna la kulinganisha zaidi ya faili zima, na hapa ndipo ile hashi niliyoidharau inapopata kazi: itakuambia faili si lile, ukalisome kwa macho.

Kurasa zinazojengwa na JavaScript nazo zina vituko vyake. Unazichota kwa curl unapata ganda tupu na maneno "tafadhali subiri". Wengi hukimbilia kuendesha kivinjari kizima kisichoonekana, Chromium kwa kawaida, na kukifanya kifungue ukurasa kama mtu. Inawezekana, ila kinakula mamia ya megabaiti za kumbukumbu, na kwenye mashine ndogo kitaanguka. Kabla ya kufika huko, fungua ukurasa kwenye kivinjari chako, nenda kwenye zana za watengenezaji, tazama sehemu ya mtandao uone data inaletwa kutoka anwani gani. Mara nyingi utakuta anwani inayorudisha orodha safi ya vipengele bila mapambo yoyote, na kuifuatilia hiyo ni rahisi kuliko ukurasa wenyewe.

Zana zenye ukimya zina ugonjwa mmoja mbaya: hazitofautishi kati ya "hakuna jipya" na "nimekufa". Tovuti ikihama anwani, kisanduku kikibadilishwa jina baada ya ukarabati, cheti cha usalama kikiisha muda, skripti itachota utupu na kuulinganisha na utupu, isione tofauti milele. Wakati huohuo wewe unajiona umetulia, unaye mlinzi. Kwa hiyo kila ukurasa upewe neno moja ambalo lazima liwemo, tuseme "Matangazo". Lisipokuwemo, hilo si badiliko bali ni hitilafu, na hitilafu nayo inaarifiwa. Maandishi yakipungua ghafla chini ya nusu ya kawaida yake, vivyo hivyo. Seva nyingine hutoa ukurasa wa "tuko kwenye matengenezo" huku zikiripoti kwamba kila kitu ni salama, kwa hiyo usitegemee jibu la seva peke yake. Wala nakala mbovu isiruhusiwe kufuta nakala nzuri, la sivyo utapata arifa mbili za uongo, moja tovuti inapokufa na nyingine inapofufuka. Badiliko likionekana, ngoja dakika kumi, chota tena. Likiwa bado lipo, arifu. Na mara moja kwa juma, zana ikutumie ujumbe mfupi wa kuonyesha kwamba iko hai na imekagua kurasa ngapi. Ujumbe huo usipofika Jumatatu, unajua pa kuanzia.

Mashine gani iendeshe haya? Seva ya kukodi nje ya nchi inapatikana kwa dola chache kwa mwezi, haizimi, na ina kasi. Lakini mwenye nyumba ana funguo. Umerudi pale pale pa kumwamini mtu wa tatu, ingawa huyu hajapewa orodha iliyopangwa vizuri kama ile ya huduma ya kibiashara. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka 2012, inakula wati chache na ingetosha kabisa, ila umeme ukikatika inazimika nayo. Kompyuta mpakato ya zamani ndiyo chaguo langu. Betri yake, hata iliyochoka, inavusha mgao mfupi wa umeme bila kifaa cha ziada. Simu ya Android inavutia kwa kuwa kila mtu anayo kuukuu, lakini mfumo wake huua programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kutunza betri, na utashinda kutwa ukipigana nao. Mashine yoyote inayozimwa na kuwashwa ina tatizo na cron: saa ikipita mashine ikiwa imezimwa, kazi imepita nayo. Anacron ilitengenezwa kwa ajili hiyo, inafanya kazi iliyorukwa mara mashine inapowaka, ingawa inahesabu kwa siku na si kwa saa.

Gharama ya bando haitishi kama watu wanavyodhani. Ukurasa bila picha, tuseme wa kilobaiti 80, ukikaguliwa kila saa ni chini ya megabaiti 2 kwa siku, kama 58 kwa mwezi. Hata hiyo inapungua kama seva ni ya kistaarabu. Tangu zamani itifaki ya HTTP inamruhusu mgeni kuuliza, "Ukurasa huu umebadilika tangu tarehe fulani?" na seva ikajibu kwa namba 304, yaani haujabadilika, bila kutuma ukurasa wenyewe. Jibu hilo ni baiti mia chache. Seva nyingi zinazotengeneza kila ukurasa upya kwa kila mgeni hazijibu hivyo, lakini kuuliza hakugharimu kitu.

Kuuliza huko ni sehemu ya adabu pia, na kwenye adabu faragha inaingia kwenye mgogoro. Desturi nzuri ya roboti za mtandaoni ni kujitambulisha: jina la roboti, na anwani ya kumpata mwenyewe ikileta usumbufu. Faili la robots.txt, lililobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kupewa kanuni rasmi mwaka 2022, linategemea utambulisho huo. Lakini mtu anayetaka kutazama kimya hataki kuacha jina na barua pepe kwenye daftari la seva kila saa. Na hata asipoacha jina, seva inaandika anwani yake ya IP na wakati alioingia. Mgeni anayekuja dakika ya tano ya kila saa, usiku na mchana, anajulikana kuwa si binadamu, na kama anatokea kwenye mtandao wa ofisi ya kampuni, kampuni yenyewe inajulikana. Ninavyoona, mtu anayechota ukurasa mmoja mara chache kwa siku hamtwishi mzigo yeyote, hivyo anaweza kutaja jina la programu bila jina lake, akaheshimu yaliyokatazwa kwenye robots.txt, na akachanganya dakika zake ili asigonge mlango kwa mdundo. Anayechota kurasa elfu hana haki ya kujificha hivyo.

Mwingine anayeona ni mtoa huduma wa intaneti. Tovuti ikiwa na HTTPS haoni ukurasa gani ulioufungua wala ulichosoma, ila jina la tovuti kwa kawaida analiona. Kwa tovuti kubwa yenye kila kitu ndani yake, hilo halimwambii mengi. Kwa tovuti ya kliniki moja yenye huduma moja, jina linatosha.

Tundu kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwenye arifa. Mtu anajenga kila kitu nyumbani kwake, halafu anaiambia zana imtumie barua pepe yenye anwani ya ukurasa na maandishi yote yaliyobadilika. Orodha aliyoificha sasa imo kwenye sanduku la barua la kampuni kubwa, imepangwa kwa tarehe. Roboti za Telegram ni rahisi kuunda, lakini mazungumzo nazo hayana ule usimbaji wa mwisho hadi mwisho wa mazungumzo ya siri. SMS kwa njia ya wakala kama Africa's Talking ya Nairobi zinafika hata kwenye simu ya kitochi, bila intaneti, jambo ambalo kwa aliye safarini ni kubwa. Nazo zinapita wazi mikononi mwa wakala na kampuni ya simu. Sioni sababu ya kuhangaika na usimbaji hapa. Zipe kurasa zako namba. Ujumbe useme "7: mawili mapya" na kunyamaza. Orodha ya namba iko nyumbani, maelezo yako nyumbani, na aliyeuona ujumbe hajui saba ni nini. Hilo linamzuia hata jamaa wa karibu anayeichungulia simu yako mezani, ambaye kwa watu wengi ndiye hatari halisi kuliko kampuni yoyote ya ng'ambo.

Je, ujenge mwenyewe au utumie kilichojengwa? Urlwatch ya Thomas Perl, iliyoanza 2008, inaendeshwa kwenye kompyuta yako, haina seva ya mtu, na inajua mengi ya niliyoyaeleza: kuchagua kisanduku, kuchuja, kuripoti hitilafu. Changedetection.io ina sura nzuri ya kubofya na inaweza pia kuwekwa nyumbani. Kwa kurasa zisizozidi kumi ningeandika skripti yangu, si kwa ushujaa, bali kwa sababu zana unayoweza kuisoma yote kwa dakika tano unaweza pia kuirekebisha usiku tovuti inapobadilika sura. Siku hizi akili mnemba itakuandikia skripti hiyo ukiiomba. Sawa, mradi usiipe orodha yako halisi wakati wa kuiomba. Tumia anwani ya mfano.

Kuna mipaka ambayo si ya kiufundi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na zote zinahesabu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa. Ukurasa ulio wazi kwa umma ni jambo moja. Ukurasa ulio nyuma ya nywila ni jambo jingine, na skripti yenye nywila yako ndani yake, ikikaa kwenye kompyuta kuukuu, ni hatari kwako kwanza. Kurasa zenye majina ya watu, kama matokeo ya mitihani au orodha za waliochaguliwa, zikihifadhiwa kila saa kwa mwaka mzima zinakuwa hazina ya taarifa binafsi za watoto wa wengine. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania imetunga yake 2022, na hata pale matumizi ya nyumbani yanapovumiliwa, hakuna sababu ya kuhifadhi ukurasa mzima wakati unachotafuta ni jina moja. Na yapo matumizi ambayo sitayasaidia kabisa: kuuelekeza mtambo huu kwenye ukurasa wa mtu mmoja, mke uliyeachana naye au mfanyakazi wako, ili ujue kila anachoandika na kila anachofuta. Faragha ninayoitetea kwa mtazamaji inamhusu anayeitazama taasisi.

Upande wa taasisi, siri ina bei yake. Siku ukitaka kuthibitisha kwamba masharti ya mkopo yalisomeka vingine mwezi uliopita, nakala iliyo kwenye kompyuta yako ni neno lako dhidi ya neno lao. Umeiandika wewe, ungeweza kuibadilisha. Shahidi wa nje ni Internet Archive, maktaba iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ambayo kwa ombi la yeyote huhifadhi ukurasa na kuugonga tarehe. Nakala hiyo iko wazi kwa dunia, na anayejua kusoma ishara ataona kuna mtu anaujali ukurasa huo. Kwa mapitio ya kawaida ya zabuni na ajira sihitaji shahidi. Kwa mkataba niliousaini, naomba nakala siku ile ile ninapotia saini, kabla hakujawa na ugomvi wowote, halafu zana ya nyumbani inaendelea kimya kutoka hapo.

Kilichobaki ni usafi wa orodha yenyewe. Kila ukurasa unapoingizwa upewe tarehe ya kutoka: zabuni hadi siku ya kufunguliwa, ajira hadi usaili upite, masharti ya mkopo hadi deni liishe. Tarehe ikifika zana iuache ukurasa na kuifuta historia yake, isipokuwa umeiambia vingine.